Habari ya Mama Aliyekwenda Kiwanjani na Pasi ya Moto

Njooni, enyi kina mama wa pande zote, mliozaa na mnaolea, wenye watoto warefu na wenye watoto wafupi. Tueni ndoo zenu chini, punguzeni moto jikoni msije mkaunguza chakula kisha lawama zikaniangukia mimi, mkae kitako mnisikilize. Nataka kuwasimulia vita. Si vita vya wafalme, maana wafalme wana waandishi wao. Ni vita vyangu mimi, niliyesoma shule ya msingi nikaishia hapo, na ninaviandika kwa mkono wangu huu wenye makovu ili atakayesoma apate onyo, asije akafanya nilivyofanya. Nawe kalamu, usinitupe mkono. Nawe kumbukumbu, usinifichie aibu, kwa kuwa aibu ndiyo chumvi ya habari hii, na bila chumvi nani ataila?

Jueni kwanza shujaa wenu ni nani. Mtaani naitwa Mama Pasi. Jina hilo sikulichagua, lilinijia lenyewe kama mafua. Ninanyoosha nguo za watu barazani kwangu, na silaha yangu ni pasi ya mkaa, nzito kama deni la jirani, yenye tumbo la chuma linalomeza makaa mekundu na komeo lenye kichwa cha jogoo. Jogoo huyo hajawahi kuwika, lakini ameniamsha asubuhi nyingi kuliko majogoo wote wa mtaa huu wakijumlishwa. Ameniunguza viganja, amenipinda mgongo, ameninukisha moshi hata siku za sherehe. Ndiyo maana siku nilipojifungua binti yangu niliapa, nikiwa bado kitandani, kwamba mikono ya mtoto huyu haitashika mpini wa pasi milele. Kiapo hicho kiwekeni akilini, maana ndicho kilichonitoa nyumbani kwangu kwenda vitani.

Binti akakua. Wenzake walikua kwa kiasi wakasimama kupumzika, yeye akaendelea kama mtu aliyesahau kushuka kituoni. Sketi ya shule niliyoiachia pindo refu la akiba, pindo likaisha kabla ya mwaka kuisha. Akaanza kuinama mlangoni, akainama chini ya kamba ya nguo, akainama hata kwenye picha za ukoo. Wakambandika jina la Mlingoti. Hapo timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ikamwona kwa mbali, na kweli alikuwa akionekana kwa mbali, kocha akamchukua.

Nami nikapiga hesabu, mimi ambaye shuleni hesabu zilinikimbia na mimi nikazikimbia, tukapishana. Nikasema: ringi iko juu, mtoto yuko juu, kuna nini hapo cha kujadili? Huyu ni mfungaji. Nikalitangaza neno hilo kama mpiga mbiu wa sultani. Nikamtangazia muuza mkaa, nikamtangazia fundi viatu, nikawatangazia wapangaji wenzetu wote wa uani, na kwa kukosa busara nikamtangazia hata wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke ambaye ulimi wake unaweza kukata kitambaa bila mkasi.

"Wifi, mwanangu atakuwa mfungaji."

"Wa nini? Wa milango?"

"Wa vikapu, wifi, wa vikapu!"

"Haya, sisi tupo, hatuhami. Ila nikwambie, urefu si kufunga. Nguzo ya umeme ni ndefu na haijafunga hata goli la kuotea."

Maneno hayo yalinichoma kuliko jogoo wangu. Nikaazimia kuupima uwezo wa binti yangu mimi mwenyewe, bila filimbi na bila kocha, na hapo ndipo ulipofanyika Mtihani Mkuu wa Ndoo, ambao wazee wa uani bado wanautaja kwa kushika mbavu.

Nilitwaa ndoo iliyotoka kitako, nikaitundika kwenye msumari ukutani juu ya kamba za nguo, nikasimama pembeni, mikono kiunoni, kama jemadari akitazama askari wake wakivuka mto. "Tupa, mwanangu!" nikanena. "Tupa, ewe jike la simba, ewe uzao wa majitu, waone waliokuita nguzo!" Akatupa. Mpira ukagonga ukuta, chokaa ikadondoka. Akatupa tena. Mpira ukagonga mdomo wa ndoo, ndoo ikalia kama kengele ya shule na watoto wote wa wapangaji wakatoka nje wakidhani ni mapumziko. Akatupa tena, na safari hii mpira ukapaa juu ya ndoo, ukatua kambani, ukaliangusha topeni shati jeupe la karani, lile la kola ngumu, nililokwisha kulinyoosha. Shati lilianguka kifudifudi, mikono imetandazwa, kama mtu aliyeuawa akiomba amani.

Sasa sikieni jambo ambalo nililiona kwa macho yangu na sikuliona. Binti aliupata mpira tena. Watoto wa uani walikuwa wamemzonga, wamemning'inia mikononi, na kule chini ya ndoo kilikuwa kimesimama kitoto cha mpangaji wa chumba cha mwisho, kisichofika kiunoni mwake, kimoja peke yake, kinanyonya kidole. Binti hakukitazama hata kidogo. Mpira ukatoka mikononi mwake ukapita katikati ya vichwa vyote, ukatua kifuani pa kitoto. Kikatoa kidole mdomoni, kikapanda juu ya beseni lililofudikizwa, kikatumbukiza mpira kwenye ndoo. Uani kote shangwe!

Mimi nikapiga kelele: "Usigawe mpira! Umekuwa ng'ombe wa maziwa, kila anayepita anakamua?"

"Mama, alikuwa peke yake chini ya ndoo."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimezibwa."

"Umezibwa na nani? Na mtu wa kunyonya kidole?"

Nikauahirisha mtihani kwa sababu ya hali ya hewa, ingawa jua lilikuwa linawaka, nikaenda kulifua upya shati la karani.

Basi siku zikasogea, mpaka ikafika jioni ile ya neno. Nilikuwa barazani kwenye meza yangu, jogoo amefungwa, tumbo limejaa moto. Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameleta suruali za mumewe, na kwa kawaida yake akileta suruali hukaa mpaka azione zimenyooshwa, na zikinyooshwa hukaa mpaka chai ichemke. Binti akarudi kutoka mazoezini, jasho linamtiririka, akapitiliza moja kwa moja hadi kwenye beseni lake. Maana kazi moja niliyomruhusu tangu akiwa darasa la kwanza ni hiyo: anazinyunyizia nguo maji, anaziviringisha, ananirushia mezani moja moja, nami nazidaka kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma pasi. Hatutazamani. Yeye anazungumza na watu au anasoma kitabu chake, mimi nipo na mikunjo yangu, na nguo inaruka kutoka kwake inakuja kutua kiganjani kama ndege aliyefugwa.

"Mama," akasema, akarusha, nikadaka, "leo kocha amenipa nafasi yangu."

"Sema, mwanangu, sema wifi asikie."

"Amesema mimi ni wa pasi."

Blauzi ya mtu ikanipita sikioni ikaangukia mapajani mwa wifi.

"Wa nini?"

"Wa pasi! Amesema kufunga niwaachie wenzangu kina Kifaru, mimi msimu huu kazi yangu kubwa iwe pasi. Amesema hajawahi kuona msichana anayeijua pasi kama mimi." Akacheka. Mwanangu huyo alifurahi, jamani, meno yote nje!

Ndugu zangu, hapo nikakumbuka. Kocha huyohuyo mwanzo wa msimu alikuwa ameniletea fulana za timu nzima nizinyooshe. Kumbe alipokuwa akizihesabu hapa barazani alikuwa akiupima ukoo! Kumbe aliitazama mikono ya mama, kisha akaitazama ya mtoto, akasema moyoni, hii ndiyo meza na huyu ndiye mrithi wake.

Wifi akaiokota blauzi, akaikung'uta polepole. "Nilisema mie. Maji hufuata mkondo. Fulana za timu nzima hizo! Hongera, wifi, umepata msaidizi. Ongeza meza."

"Mama, hufurahi?"

"Nenda kaoge," nikasema.

Ningemuuliza swali moja tu hapo, jogoo angelala salama. Lakini mwenye kiburi hana ulimi wa kuuliza, ana wa kujibu tu.

Likakaa baraza la vita, nalo lilikuwa mimi na mume wangu. Mume wangu ni fundi wa viti, anavisha makochi vitambaa, na misumari yake midogo anaishika kwa midomo, hivyo kwa miaka yote ya ndoa yetu nimepata kutoka kwake maneno machache na yaliyotobolewa. Nikamweleza yote, na jinsi nitakavyokwenda Jumamosi, siku ya mechi, mbele ya watu wote, kumtoa binti yangu kwenye timu.

"Muulize kwanza," akasema kwa pembe ya mdomo.

"Nimuulize nini? Pasi ni pasi!"

"Muulize. Kuuliza si ujinga."

"Baba Mlingoti, baki na makochi yako. Ndiyo maana familia hii inakaliwa!"

Akagonga msumari. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya mwisho.

Jumamosi ikapambazuka, na shujaa wenu akajivika silaha. Nikakaza kitenge kiunoni kwa fundo la vita, fundo ambalo hata mtoto mchanga analijua na akiliona ananyamaza. Nikavaa viatu vya kufunikwa, maana ndara haziendi na hasira. Kisha nikamtwaa jogoo. Nilikuwa nimenyoosha nguo alfajiri, na makaa yalikuwa bado hai tumboni mwake. Sikuyamwaga. Kwani ni jemadari gani anayeubutua upanga wake akiwa mlangoni?

Nikatoka. Moshi ukanifuata nyuma kama bendera ya kabila lililopotea. Kila baada ya nyumba chache niliipunga pasi mbele na nyuma makaa yasizimike, na watu wakanipisha njia. Kuku wakapisha. Mwendesha baiskeli akashuka, akainyanyua baiskeli yake, akasimama ukutani.

Muuza mkaa akaniona. "Mama Pasi! Moto huo unakwenda wapi?"

"Vitani!"

"Mkaa utatosha?"

"Hasira itajazia!"

Nikafika kiwanjani. Ni kiwanja cha saruji iliyopasuka pembeni, ringi mbili, moja ina wavu na moja haina. Wapinzani walikwisha kufika, wasichana wa ng'ambo ya reli, wanarukaruka kupasha misuli. Watu wamekaa kwenye ngazi. Kocha, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni na chaki sikioni, alikuwa amesimama karibu na benchi, na juu ya benchi fulana za timu zimepangwa rundo moja, zimekunjwa vizuri, zinasubiri kugawiwa. Zimenyooshwa na nani? Na mimi!

Nikapita katikati ya kiwanja. Wasichana wakaacha kurukaruka. Nikasimama mbele ya kocha, nikavuta pumzi.

"Ewe kocha! Ewe mwenye filimbi, mpiga kipenga wa wana wa watu!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinikatize! Nimekuja mbele yako na mbele ya mashahidi hawa wa kwenye ngazi. Mimi nimeunguzwa na chuma hiki tangu ujana wangu ili binti yangu asiunguzwe. Nimemleta kwako mrefu, mzima, mwenye viganja laini, umfanye mfungaji. Nawe umemwona nani? Umemwona mtumwa wa meza! Kama unataka pasi, pasi ndiyo hii hapa. Piga mwenyewe!"

Nikaitua juu ya benchi kwa kishindo. Jogoo akatikisika. Makaa yakanong'onezana tumboni mwake.

Kocha aliitazama pasi, akanitazama mimi, akaitazama tena pasi. "Mama," akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na mbwa asiyemjua, "nani kasema mwanao anyooshe nguo?"

"Wewe! Ulisema ni wa pasi!"

Binti yangu, aliyekuwa ameganda mbali na mpira mikononi, akaja mbio. "Mama! Pasi ya mpira!"

"Ya nini?"

"Ya mpira, mama! Kumpa mwenzako mpira! Pasi!"

Kicheko kilianza kwa Kifaru. Kifaru ni msichana mpana mwenye nguvu, alijaribu kukizuia kwa viganja viwili, kikamtokea puani. Kikahamia benchi zima, kikavuka hadi kwa wapinzani, kikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka juu kabisa, ambako kilimkuta wifi yangu, aliyekuja kutazama bila kuniambia, na hapo kikapata nyumba. Nami nilitamani jogoo wangu afungue komeo nijitie tumboni mwake pamoja na makaa, kifuniko kirudi juu yangu, watu waendelee na mambo yao.

Kisha tukasikia harufu.

"Fulana!" akapiga kelele kocha.

Nikainyakua pasi, lakini moto haungoji mtu amalize aibu. Fulana ya juu, ile ndefu kuliko zote, iliyokuwa juu kwa sababu haikukunjika sawa na nyingine, ilikuwa imeungua mgongoni alama ya pasi, pembe tatu kamili, ya kahawia, ncha yake ikielekea shingoni. Hakuna haja ya kuwaambia ilikuwa ya nani. Katika timu ile ni mtu mmoja tu angevaa fulana ndefu namna ile.

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi akaenda zake. Mimi nilikuwa na kiburi kilichobaki, na kiburi ni kama kiporo, hutaki kukimwaga. Nikasema: "Sawa, ni ya mpira. Lakini hafungi! Kama kazi yake ni kuwabebea wenzake mipira wafunge wao, wasifiwe wao, basi hiyo nayo ni meza nyingine tu. Namtoa. Twende nyumbani."

Binti akaukumbatia mpira. Akanitazama usoni, na kwa urefu wake ilimbidi ainame ili anitazame. Hakulia, wala hakunijibu kwa ukali.

"Mama, usinitoe," akasema. "Hapa ndipo mahali pekee ambapo sijioni mrefu kupita kiasi."

Haya, niambieni, nyinyi mnaojua majibu. Jibu la neno hilo ni lipi?

Kocha akanivutia kiti cha plastiki. "Mama, kaa. Nitakwambia ukweli kisha uamue mwenyewe. Mwanao kufunga atafunga. Akiwa karibu na ringi ana mkono laini, mpira unaingia. Akiwa mbali bado, mpira unagonga chuma. Hilo ni la mazoezi, miaka kumi na minne ni mtoto bado."

"Sasa si umfundishe afunge!"

"Namfundisha. Lakini wafungaji ninao. Kifaru anafunga, hata ukimning'inia. Ninachokosa ni mtu anayeona. Mwanao nikimweka chini ya ringi wanamzonga watatu, urefu wote unageuka mti wa watoto kupanda. Nikimweka pale mbele ya ringi, ameipa mgongo, mpira ameuinua juu wasikoufikia, wenzake wakakimbia pembeni yake huku na huku, anawaona wote. Na hao anaowapa, wanafunga. Mtazame kipindi hiki kimoja. Ila usiufuate mpira kwa macho, kila mtu anaufuata mpira. Mtazame yeye. Ukiona ni mbeba mizigo, mchukue, sitakuzuia."

Nikakaa. Nimeiweka pasi miguuni, inafuka moshi taratibu, kama mbwa mzee aliyechoka kubweka.

Filimbi ikalia. Binti yangu akaingia vitani na pembe tatu ya kahawia mgongoni mwake, watu wa kwenye ngazi wakimnyooshea vidole. Mwanzoni nilishindwa. Macho yangu yalikimbilia mpira kama kuku kwenye mtama. Wale wa ng'ambo ya reli walikuwa wepesi, walitutangulia kufunga, wakafunga tena. Nikajilazimisha. Nikamshika binti kwa macho kama ninavyoshika ncha ya kola.

Akaenda kusimama pale alipoambiwa, mgongo kwa ringi. Akapewa mpira, akauinua. Wawili wakamrukia, hawakuufikia. Kifaru alikuwa anakimbia upande wa kulia, na binti yangu alikuwa akitazama kushoto, anatazama kushoto kabisa, kama yuko barazani akizungumza na wapita njia. Mkono wake ukajikunjua.

Na mkono wangu wa kushoto ukainuka wenyewe kudaka.

Nilibaki nimeuinua hewani, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya halaiki ya watu, ninadaka nguo isiyokuwepo. Kifaru aliupata mpira kiganjani, pale pale pa kola, pale pale pa miaka yote, akaingia, akafunga. Nami nikaelewa. Nilimficha pasi moja, nikamfundisha nyingine kila jioni bila kujua ninafundisha.

Kocha, ambaye hajui lolote la barazani kwetu, alikuwa akitikisa kichwa. "Kutoa pasi bila kutazama vile, hata mimi siwezi. Sijui nani alimfundisha."

Nikakohoa. "Ni moshi," nikasema, nikapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

Na sasa, enyi wasikilizaji, nyamazisheni watoto, maana tumefika kwenye tendo lenyewe. Kipindi kilikuwa kinakwisha. Mpira ukamfikia binti yangu karibu sana na ringi, karibu kuliko wakati wowote, na mtu mmoja tu mbele yake. Ngazi zote zikainuka. "Funga!" wakapiga kelele. "Funga, Mlingoti!" Sauti ya wifi yangu ilikuwa juu ya zote: "Funga tuone!" Kila nilichowahi kukitangaza mtaani kilikuwa mikononi mwake wakati ule. Akaanza kuruka. Lakini nilikwisha kujifunza kumtazama yeye, nikaona walinzi wengine wawili wanamjia kwa nyuma kumziba, na upande wa pili, chini kabisa ya ringi, mchezaji mdogo kuliko wote wa timu yetu, wanayemwita Kisoda, amesimama peke yake, amesahauliwa na ulimwengu. Alibakiza kunyonya kidole tu.

Nikasimama. Kiti cha plastiki kikaanguka. Nikapaza sauti iliyotikisa wavu wa ringi yenye wavu:

"PIGA PASI!"

Akiwa hewani, uso umeielekea ringi, binti yangu aliachia mpira kwa pembeni. Kisoda akaupata. Akaurusha kwa mikono miwili toka chini, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Ukagonga ubao, ukagonga chuma, ukafikiri kidogo, ukaingia.

Kombe la Dunia ni nini? Taji la mfalme ni nini? Wasichana wote walimrukia Kisoda, na Kisoda akamnyooshea kidole binti yangu, na kwenye ngazi, ambako waliikodolea macho ile pembe tatu mgongoni tangu mwanzo, watu wakaanza kuimba: "Pasi! Pasi! Pasi!"

Mimi, kwa mazoea, nikaitika: "Naam!"

Hawakuwa wakiniita mimi. Binti ndiye aliyegeuka, akawapungia mkono, jasho linamtoka, meno yote nje kama jioni ile. Tangu hapo jina la Mlingoti likafa kifo chema. Kocha alimtafutia fulana nyingine, akaikataa.

Wapo watakaouliza nani alishinda mechi. Wa ng'ambo ya reli ndio walioshinda, na kwa tofauti isiyopendeza. Lakini hilo waliandike waandishi wao. Historia yetu sisi inaandika mpira mmoja tu, aliotoa binti yangu, akafunga Kisoda, mbele ya mashahidi, na asiyeamini aende aone mgongo wa fulana.

Basi onyo langu ni hili, kina mama wenzangu. Mtoto wako akirudi nyumbani na neno, muulize neno hilo lina tumbo gani kabla hujalijaza makaa. Usimpime kwa ndoo uliyoitundika wewe. Na mume akikwambia kwa midomo yenye misumari, "Muulize kwanza," ujue ameisogeza kando misumari yake ili aseme hivyo. Nilimwomba radhi mume wangu. Akasema, "Mm." Nimelihesabu kuwa hotuba.

Juzi wifi alikuja na suruali zake. Alianzia mlangoni, kwa sauti ile ile ya kukata kitambaa: "Haya, mwanao amefunga mangapi wiki hii?"

"Moja," nikasema. "Na ametoa kumi na moja."

Akazitua suruali kwenye beseni, nami nikasikia raha ambayo Mungu atanisamehe. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akapumua. "Chai ipo, Mama Pasi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nibandikwe jina hilo niliitika kabla hajalimaliza. Nyuma yake, kwenye beseni, binti alikuwa akisoma kitabu chake, hakuinua kichwa. Suruali moja iliyoviringishwa ikapaa juu ya bega la wifi. Wifi akainama. Nikadaka.